Ukurasa Niliouharibu

Mwalimu alisoma kazi zetu kwa kusimama. Sikuwahi kumwona ameketi na karatasi ya mwanafunzi mkononi. Alisema mtu aliyeketi huvumilia mengi, na kwamba msomaji wa kweli ni yule aliye mlangoni, koti amevaa, anayetaka kwenda zake. Basi alisimama kando ya dirisha la chumba chetu, ghorofani, juu ya duka la mbegu na mbolea katikati ya Kitale, akasoma kwa sauti mpaka afike mahali ambapo mwandishi ameshindwa. Hapo alinyamaza. Hakueleza. Aliikunja karatasi palepale, kwenye mstari ule ule, akamrudishia mwenyewe. Tulijuana kwa mikunjo. Aliyekunjiwa juu kabisa alitaniwa hadi jioni.

"Wewe umekunjwa shingo," mwenzetu mmoja, mwuza nguo za mitumba kutoka mtaa wa Kipsongo, alizoea kusema. "Mimi angalau amefika tumboni."

Tulikuwa kumi na mmoja, watu wazima wote, katika kozi ya cheti ya uandishi iliyofundishwa Jumamosi. Hii ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, simu za mkononi zilipoanza kulia darasani na watu wakaona aibu badala ya fahari. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika ghala la mahindi. Shule niliiacha kidato cha pili. Kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho, kwa magazeti ya kufungia nyama, na kwa daftari ambamo niliandika kila neno jipya pamoja na siku niliyokutana nalo. Kabla sijamjua Mwalimu nilikuwa nimeandika kwa miaka kumi na tano: barua za watu wa Kipsongo, maombi ya kazi, malalamiko kwa chifu, na wasifu wa marehemu wa kusomwa matangani. Nayataja haya mapema kwa sababu baadaye nilitia sahihi maandishi yanayosema hayakuwako.

Mwalimu hakuniita kwa jina. Aliniita Karani, na darasa zima likafuata.

Alikuwa mtu wa Bungoma, wa zile familia za Kiislamu zinazoishi karibu na msikiti wa mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Kila Jumamosi alifika Kitale kabla yetu. Tulimkuta ameshafuta ubao, ingawa haukuwa na kitu, na amezipanga chaki kwa urefu. Adhana ya adhuhuri iliposikika aliikata sentensi katikati, akaenda kuswali, akarudi na kuimalizia pale alipoiachia. Nilihesabu mara nyingi. Hakukosea neno.

Alikuwa na vita na salamu. Watu wetu hawaanzi jambo bila kusalimu. Barua huuliza afya ya kila mtu na ya ng'ombe, hushukuru Mungu kwa mvua, ndipo iseme mtoto amefukuzwa shule. Mwalimu alizikata zote. "Aya ya kwanza ni hodi," alisema. "Umeshaingia, umeketi, hodi ya nini tena?" Mwuza mitumba aliwahi kumjibu, "Lakini Mwalimu, mtu akiingia bila hodi si ni mwizi?" Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Aliandika jibu lile katika kijitabu alichokiweka mfukoni mwa shati, na wiki iliyofuata alilitumia kama lake.

Ndivyo alivyokuwa. Alichukua kwetu bila kuomba na alitupa bila kuombwa. Mwanafunzi mmoja alipojifungua akaacha kuja, Mwalimu alimpelekea masomo nyumbani, ndani kabisa Kipsongo, Jumamosi sita mfululizo, kwa miguu, baada ya kutufundisha siku nzima. Mvua ya Kitale inajulikana. Alifika na viatu mkononi. Yule mama alituambia kwamba alisimama mlangoni, akasoma kazi yake kwa sauti huku majirani wamejaa, akaikunja kama kawaida. Hakumhurumia hata kwa mstari mmoja. Naandika haya ili isionekane kwamba nimechukua tu upande mchungu. Mtu huyu alitembea matopeni kwa ajili ya watu ambao hakuna aliyewatembelea.

Na hakuwa amechapisha kitu. Tulimwuliza siku moja.

"Mwalimu, wewe vitabu zako ziko wapi?"

"Viko kumi na kimoja," akasema. "Vimeketi hapa mbele yangu, na kimoja kinakula mandazi darasani."

Lilikuwa jibu zuri, tukaridhika nalo. Leo silioni zuri tena. Anayesema hivyo anakuhesabu kuwa kazi yake, na kazi mwenyewe huirekebisha apendavyo.

Jambo alilolichukia kuliko yote ni uongo. Si uongo wa hadithi. Huo aliupenda. Alichukia mtu kusema amelia wakati hakulia, au kumsifu marehemu kwa ukarimu ambao hakuwa nao. Aliusikia haraka ajabu. Sauti yake ilipungua, akasema, "Hapa umeanza kutuuzia," halafu akakunja. Nilimwogopa kwa hilo, nami nikampenda kwa hilo. Katika miaka yangu kumi na tano hakuna aliyenisoma hivyo. Watu walipokea barua, wakashukuru, wakaenda.

Sasa nifike kwenye bahasha.

Siku ya kwanza ya kozi alitupa kila mmoja karatasi moja na saa moja. Tuandike jambo tuliloliona kwa macho yetu. Hakusoma. Alizitia katika bahasha, akazifunga, akasema tutazifungua mwisho wa mwaka tupime tulivyokua. Chuo kilidai kila mwanafunzi awe na faili yenye ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, na insha ya kujitafakari iitwayo "Nilivyokua Katika Uandishi". Faili hizo zilikwenda kwa wakaguzi Nairobi, na bila wao hakuna cheti. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kazi ya uhariri katika jarida la wakulima Bungoma, kwa sharti hilo hilo moja. Mtu aliyenihoji alisoma maandishi yangu, akayasifu, akaniuliza cheti kiko wapi.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa juu ya baba yangu. Alileta gunia kumi na mbili za mahindi ghalani kwetu, kutoka shambani upande wa Saboti. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mizani. Mashine ya unyevu ilisema mahindi hayajakauka. Mtu mwingine yeyote ningemrudisha bila kuinua kichwa. Baba alisimama mbele yangu, kofia mkononi kama mgeni, na foleni nyuma yake ikatazama nitafanya nini. Akaniambia, "Andika vile mashine imesema." Nikaandika. Akapakia gunia zake tena, moja moja, mimi nikiwa nimekwisha kumwita aliyefuata. Huo ndio ulikuwa ukurasa. Uliishia hapo. Sikueleza nilivyojisikia, kwa sababu sikuwa najua.

Novemba, darasa lilipokwisha, Mwalimu alinibakisha.

"Karani, una shida."

"Shida gani, Mwalimu?"

"Hujakua."

Nilidhani ananitania. Aliweka karatasi mbili juu ya dawati, ya kwanza na ya mwisho. Hakuna iliyokuwa na mkunjo.

"Hizi ni za mtu mmoja, siku moja," akasema. "Hii ya baba yako ni nzuri. Pengine inaizidi ya mwisho."

"Si basi ni vizuri?"

"Vizuri kwa nani? Wale watu hawapimi uandishi, wanapima umbali. Ulitoka wapi, umefika wapi. Wewe ulikuja ukiwa umefika. Watauliza mimi nilikuwa nafanya nini mwaka mzima, na wewe watakuandikia hukuendelea. Hutapata cheti."

"Sasa nifanye nini?"

Alitazama nje ya dirisha. "Niletee ya kwanza nyingine. Ile ambayo ungeandika kama hungejifundisha mwenyewe."

"Huo ni uongo, Mwalimu."

"Ni fomu," akasema. "Kwenye fomu hakuna uongo. Kuna kujaza tu."

Angetoa sentensi hiyo mmoja wetu, Mwalimu angemkunjia hapo hapo. Nilichukua ukurasa wangu nikaenda nyumbani.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Sikuuharibu ovyo. Nyumbani nilikuwa na sanduku la barua ambazo watu wa Kipsongo walijaribu kuziandika wenyewe kabla hawajaniletea nizinyooshe. Nilizisoma zote upya, nikaorodhesha mahali zinapopotea: salamu zisizokwisha, jambo lile lile kusemwa mara tatu kwa hofu ya kutosikika, Mungu kutajwa kila penye mashaka, habari yenyewe kuachwa hadi mwisho kama mgeni mwenye haya. Kisha nikayatia yote katika habari ya baba. Nilisalimu. Nilishukuru kwa mvua. Nilieleza mahindi hupandwaje. Baba, ambaye alisema maneno manne, nilimpa hotuba juu ya uaminifu. Ilinichukua Jumapili mbili. Ulikuwa ukurasa mbaya uliotengenezwa vizuri. Nakiri nilipoumaliza niliona fahari.

Halafu nikautia ule wa kweli jikoni, ndani ya makaa, ili isije ikaonekana siku moja kwamba kuna kurasa mbili za kwanza. Hakuna aliyeniagiza hilo. Hapo simlaumu mtu.

Insha ya kujitafakari niliiandika jioni ile ile. Nilisema kabla ya kozi sikujua kwamba maandishi yana mpangilio. Nilisema Mwalimu alinishika mkono. Aliisoma darasani, amesimama, kwa sauti yake kamili. Nilingoja ashushe sauti. Nilingoja aseme nimeanza kuwauzia. Aliisoma mpaka nukta ya mwisho, akanirudishia imenyooka, na wenzangu wakapiga makofi. Katika mwaka mzima ndiyo karatasi yangu pekee aliyoisifu mbele ya watu.

Nilipata cheti, alama ya juu, na wakaguzi waliandika kwamba mwanafunzi huyu ametoka mbali. Faili ziliporudi zilibaki kwa Mwalimu. Nilihamia Bungoma. Jarida likanipokea. Baba alifariki mwaka uliofuata, nami nilikaa na karatasi nyeupe kwa siku tatu nikijaribu kurudisha ule ukurasa ili niusome matangani. Haukurudi. Kila nilipoanza, yalikuja yale ya Jumapili mbili: mvua, salamu, hotuba. Nilikuwa nimeyafanyia kazi kwa bidii mno, yakakaa. Mwishowe alisoma mjomba, aliyesema marehemu alikuwa mkarimu.

Miaka mitano ikapita hivi. Nilikuwa nikikutana na Mwalimu mara chache mjini, karibu na msikiti, tukisalimiana kwa haraka. Kila mara alimwambia aliye naye, "Huyu ni wangu," na kila mara nilitabasamu.

Kisha mwanamke mmoja akaja ofisini. Alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima akina mama, ametoka Saboti na ripoti ya kikundi ili tuichapishe. Alikuwa wa umri wangu, mwenye kitambaa cha kichwa cha kijani na daftari kubwa alilolikumbatia. Nilipomtajia jina langu aliweka daftari chini akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Kumbe ni wewe, papa!" akasema, kwa ule mwito wa heshima wa watu wa Bungoma. "Yule wa mahindi ya baba yake! Mwalimu ametusomea karatasi yako kule Mabanga. Tumeijua yote."

"Karatasi gani?"

"Ile ya kwanza. Ile mbaya." Akacheka, akaziba mdomo. "Si kwa ubaya, papa. Mimi nilikuwa nimeacha hiyo masomo. Nikasema, mimi nilifika darasa la sita, kuandika si yangu. Sasa Mwalimu akanifuata nyumbani, akasoma ile yako, akasema ati huyu leo ndiye anatengeneza jarida yenu. Nikasema bana, kama huyu alikuwa anaandika hivi, hata mimi! Nikarudi."

Nilimshukuru. Nilimtengenezea ripoti yake. Alipoondoka niliketi nikahesabu: darasa la kila muhula, kwa miaka mitano, jina langu juu ya karatasi ile. Nilikuwa nimechapisha makala nyingi katika jarida, na sikumjua msomaji mmoja aliyewahi kuzikariri.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mabanga, kwenye kituo cha mafunzo ya kilimo ambako Mwalimu alikuwa akiwafundisha makatibu wa vikundi kuandika ripoti. Nilimkuta nje ya darasa, kabla hawajaingia. Alikuwa amezeeka. Shati lilikuwa pana kwake, na kijitabu kilikuwa bado mfukoni.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua karatasi yangu."

Hakuuliza ipi. "Ile ni ya darasa," akasema.

"Ina jina langu."

"Ndiyo maana inafanya kazi. Bila jina ni karatasi tu."

"Unajua si yangu. Wewe ndiye uliniagiza."

"Najua," akasema, wala hakupepesa macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, si kwa hili. "Nakumbuka na ile nyingine. Andika vile mashine imesema. Nakumbuka yote. Lakini niambie, Karani, ile nzuri ilimsaidia nani? Niliisoma mimi peke yangu. Hii mbaya imewarudisha watu darasani mwaka baada ya mwaka. Mtu akiona kizuri ananyamaza. Akiona kibaya kilichopona, anachukua kalamu."

"Na jina langu?"

"Jina lako ni la mtu aliyekua. Kuna ubaya gani?"

Kengele ikalia, makatibu wakaingia, naye akanishika bega akaniingiza mbele yao. Walikuwa kama ishirini. Yule mama wa Saboti alikuwa mstari wa kwanza, akawanong'oneza wenzake, wote wakanigeukia kwa furaha.

"Huyu ndiye," Mwalimu akasema. "Karani, waambie ulivyokua."

Niliwaambia. Nilisema ukurasa ule sikuuandika siku ya kwanza bali mwisho, kwamba niliuandika vibaya kwa makusudi ili nipate cheti, kwamba nilipoingia katika kozi nilikuwa najua kuandika tayari. Nilisema kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Kwanza walicheka, wakidhani ni unyenyekevu. Halafu wakaweka kalamu chini, mmoja mmoja. Mwalimu alisimama kando ya dirisha na hakunikatiza.

Yule mama aliinua mkono.

"Makusudi?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hizo makosa ulitoa wapi?"

Ningeweza kusema niliyabuni. Nilikuwa nimeanza kusema kweli, nami nikaimaliza. "Kwa barua za watu. Watu wa Kipsongo niliokuwa nikiwaandikia."

"Watu hawajasoma."

"Ndiyo."

"Kama sisi." Hakuuliza. Alifungua daftari lake, akatazama ukurasa aliouandika kwa kazi ya siku ile, na kutoka pale mbele niliuona. Maandishi makubwa, safi, yamejaza mistari yote. Akalifunga. "Kwa hivyo ulikaa chini ukafikiria vile mtu mjinga anaandika," akasema, "na ukaandika kama mimi."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Wacha, mayi," kwa upole, kama mtu anavyomtuliza mama yake. Lakini yule mama wa Saboti alishaondoka. Wengine watatu walitoka nyuma yake.

Darasa lilipokwisha Mwalimu alinisindikiza hadi barabarani. Alitoa ile karatasi katika faili yake akanipa, imechakaa pembeni kwa kushikwa. Haikuwa na mkunjo. Nilidhani atagomba. Alisimama tu, akiitazama njia ya Bungoma, kofia yake mkononi.

"Sasa jina lako ni safi," akasema. "Yule mama nimemtafuta miezi minne kabla hajakubali kurudi. Niambie wewe, mwandishi. Jumatatu nimwambie nini arudi?"

Nilimwambia sijui. Alisubiri kidogo, kama aliyeamini kwamba nina sentensi nyingine. Akavaa kofia, akarudi darasani kufuta ubao.